Mfereji wa Pili

Mara ya kwanza Baba alipovumbua keekee yake, chuma cha kutobolea ardhi, Kitinda alikuwa hajazaliwa. Mara ya pili, na zile nyingine zote zilizofuata, Kitinda ndiye aliyemchongea penseli.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli. Baba alikuwa mchimbaji wa visima virefu, mtu wa kuamka na matope na kulala na matope, na katika kazi ile adui yake hakuwa jiwe. Jiwe ni bishi lakini ni la kiungwana, alikuwa akisema. Ukiligonga linakuambia liko wapi. Adui ni udongo wa mfinyanzi. Huo unakuacha ushuke raha mustarehe, unakuchekea, halafu ukitaka kuvuta chuma chako juu unakinyonya kama mtoto aliyeachishwa ziwa akarudishiwa. Wachimbaji wamepoteza vyuma vingi huko chini kuliko funguo walizopoteza wake zao. Baba akatengeneza keekee yenye mfereji mpana unaozunguka ubavuni kama ngazi ya mnara, udongo upate njia ya kupandia badala ya kugandamana. Akapewa hataza, maana yake serikali ilikiri kwamba kitu kile hakikuwapo duniani mpaka yeye alipokileta, na kwa muda fulani hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitengeneza bila idhini yake. Keekee ikatumika, ikazeeka, ikapitwa na nyingine, na hataza ikaisha muda wake kama zinavyoisha zote. Mama aliitia karatasi kwenye fremu, akaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa haepuki kuiona.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaja, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi kwa sauti ndogo. Ukaanza na majina ya majirani. Ukachukua njia ya kurudia nyumbani. Halafu ukapoteza adabu, ukaingia chumba cha ndani na kubeba miaka ya katikati yote, ukamwachia Baba utoto wake huku na uzee wake kule, bila daraja. Asubuhi moja akaamka na furaha ambayo Mama hakuwa ameiona tangu ujana wao, akaomba penseli, akachora mgongoni mwa kalenda ya mwaka uliopita. Alichora keekee yenye mfereji mpana unaozunguka ubavuni kama ngazi ya mnara.

Siku hizo za mwanzo walimwambia ukweli. Mama alitungua fremu ukutani, akampelekea mezani, akamwuliza kwa upole kama hii siyo ile. Baba alisoma jina, akatazama mchoro wake, akawatazama wao wawili, na usoni mwake ukaingia woga wa mtu aliyefungua chumba asichowahi kukiingia akakuta nyayo zake mwenyewe sakafuni. Alilia. Ilipofika jioni alikuwa hakumbuki alilia nini, na juma lililofuata akavumbua upya. Mama akaificha fremu nyuma ya kabati la nguo, akabandika picha ya maua mahali pake, na hawakumwambia tena.

Kila alipomaliza kuchora, Baba alimwita binti yake. "Mwanangu, wewe si uko ofisi ya hataza? Kaniangalizie kama kuna mtu ametangulia."

"Nitaangalia, Baba."

Basi ikawa hivyo. Michoro ikajaa droo.

Kitinda alikuwa kweli ofisi ya hataza. Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi. Kazini walimwita Bi Keekee, kwa kuwa maombi yote ya vitu vya kutoboa yalikuja mezani kwake. Alikuwa msichana wa haya, akisalimiana na mlinzi huku ameangalia viatu, lakini mbele ya mchoro wa chuma hakuwa na haya hata kidogo. Chumba chao kilikuwa na meza tatu, feni moja yenye kikohozi, na dari yenye doa la maji kama ramani, ambalo kila msimu wa mvua liliongeza mkoa mmoja. Meza ya dirishani ilikuwa ya Nyaya, mkaguzi wa mambo ya mitandao ya kompyuta. Kutwa alisoma maombi ya watu wanaodai wamepata njia mpya ya kuipeleka habari kutoka mashine moja hadi nyingine bila kupotea, na wakati huohuo hakuna aliyeweza kufungua barua pepe mle chumbani. Meza ya mlangoni ilikuwa ya Mama Mende. Huyo alitoka kwenye maabara ya utafiti wa dawa za wadudu, ambako kwa miaka alifuga mende kwa upendo ili wenzake wapate wa kuua, na alisema tangu pale hakuna mume aliyemtisha.

Kazi ya wote watatu ilikuwa moja: kutafuta kama kuna aliyetangulia. Mtu anakuja na kitu anachokiona kipya, nao wanapekua hati za dunia nzima wakitafuta sababu ya kumwambia hapana. Na kipya, kwa sheria, ni kipya kwelikweli. Kama kimewahi kuonyeshwa popote na yeyote, basi si kipya, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe. Kitinda alilijua hilo siku zote. Keekee ya Baba ilikuwa na mpinzani mmoja tu duniani, naye ni Baba.

Kisha ukaja ule mfereji wa pili.

Kitinda aliuona jioni moja, wakati anaweka mchoro mpya juu ya ile ya zamani drooni. Kando ya mfereji mpana palikuwa na mwingine, mwembamba kama uzi, ukizunguka kinyume, kutoka juu kwenda chini. Alidhani mkono wa Baba umetetemeka. Akangoja. Juma lililofuata Baba akavumbua tena, na mfereji mwembamba ukawapo, palepale, kinyume vilevile. Alipomwuliza ni wa nini, Baba alimtazama kama anayemshangaa mtoto aliyesoma na bado hajui kufunga kamba za viatu.

"Wa hewa," akasema. "Udongo haukushiki kwa sababu unakupenda. Unakushika kwa sababu chini hakuna hewa. Upelekee hewa, utakuachia."

Kitinda alitoka nje akasimama uani kwenye kamba ya nguo, akajifanya anaanua. Daktari alikuwa amewaambia, kwa lugha ya kuwahurumia, kwamba Baba hatakwenda mbele tena. Atarudi nyuma tu, polepole, na wao wamshike mkono. Lakini mfereji ule haukuwa nyuma. Haukuwamo katika hataza ya zamani wala katika michoro ya droo. Kama ulikuwa mpya, basi mahali fulani ndani ya kichwa kile palikuwa na mtu bado anafanya kazi, taa imewashwa, mlango umefungwa. Kama ulikuwa mpya, Baba bado yupo. Na Kitinda alikuwa mtu wa kazi hiyo hasa, kazi ya kujua kama kitu ni kipya.

Akaandika maombi kwa jina la Baba, akachora upya mchoro kwa wino na kuzipa sehemu zake nambari, akayapeleka kwenye dirisha la mapokezi kama mwombaji yeyote. Mama alipinga kidogo. Alisema mzee ana amani yake, kwa nini wamtafutie kesi. Kitinda akasema tu kwamba haidhuru kujaribu.

Jamaa wa mwombaji haruhusiwi kuligusa faili. Ilibidi lipelekwe meza nyingine, na mkuu wa idara, aliyekuwa na haraka ya kwenda mkutanoni, akamwambia achague mwenyewe nani kati ya wale wawili.

Nyaya hakuzungusha maneno. Alimwambia kwamba yeye akipewa keekee atatafuta kwenye keekee. Ataikuta ile ya zamani ya mzee, ataona haina mfereji wa pili, atapiga muhuri, watu wanywe chai. "Mimi si mtu wa kutoka nje ya uwanja," akasema, akimkonyeza. "Wengine hapa mpira wakiukosa wanaufuata mpaka sokoni."

Kitinda alimwelewa. Alielewa pia kwamba huo ulikuwa wema. Lakini hataza ya kuonewa huruma ingemwambia nini? Ingekuwa picha nyingine ya maua ukutani. Alitaka aambiwe na mtu asiyekonyeza. Akalibeba faili hadi meza ya mlangoni, akaliweka mbele ya Mama Mende, na Mama Mende akamtazama juu ya miwani.

"Una hakika, mwanangu? Mimi nikianza kufukua sijui kuacha."

"Nina hakika."

Watu wazima husema kidole kikiingia jichoni, mara nyingi ni chako mwenyewe.

Mvua zilianza. Doa la dari likafika ukutani. Nyumbani Baba aliendelea kuvumbua, na kila mara mifereji ilikuwa miwili, na kila mara Kitinda alirudi kazini asubuhi na kitu kama wimbo kifuani, wimbo asiothubutu kuuimba. Tabia ya Mama Mende ya kutania ilipungua, na hilo Kitinda hakulitilia maanani, alidhani ni mafua.

Siku aliyomwita, alimwita kwenye korido, pale penye bomba la kunawia mikono. Hakumwambia kwa mkato. Alieleza kwamba kwenye keekee hakukuta kitu, wala kwenye visima, wala kwenye migodi. Alikuwa amekwisha kufungua kalamu aandike kwamba ni kipya. Lakini jambo la hewa lilimkaa kichwani. Alihisi amewahi kuliona. Akaenda kwenye rafu zake mwenyewe, za dawa za wadudu, na huko akaukuta mkuki wa kuulia mchwa. Chuma kirefu cha kuchoma ardhini kupeleka sumu kwenye kichuguu, na ubavuni mwake mfereji mwembamba kama uzi, unaozunguka kinyume, wa kupitisha hewa ili udongo usiking'ang'anie chuma kikivutwa. Mkuki ule ulikuwapo tangu miaka mingi kabla Kitinda hajazaliwa. Ukichukua keekee ya mzee ya zamani na mkuki wa mchwa ukaviweka pamoja, unapata keekee ya mzee ya sasa. Kwa sheria, si uvumbuzi.

"Ungempa Nyaya," Mama Mende akasema. "Mtoto wewe, kwa nini hukumpa Nyaya?"

Kitinda alifungua bomba akanawa mikono iliyokuwa misafi. Jambo moja lilikuja polepole, likaketi. Kabla ya visima, katika ujana wake, Baba alifanya kazi ya kupiga dawa ya mchwa majumbani. Huenda aliushika mkuki ule kila siku. Huenda mfereji haukuwa mbele hata kidogo. Ulikuwa nyuma zaidi, nyuma ya visima, huko alikokuwa anarudi polepole, kama daktari alivyosema.

Angeyaondoa maombi siku ileile, lakini mwito ulikuwa umeshatoka. Sheria inampa mwombaji haki ya kusikilizwa kabla ya kukataliwa, na karani, bila kumwuliza mtu, alikuwa ameshapeleka barua nyumbani. Baba aliisoma kila siku, na kila siku ikawa habari mpya. Anaitwa akaeleze uvumbuzi wake. Mama alimpigia pasi koti mara nyingi mpaka kitambaa kikaanza kung'aa.

Walimsikilizia katika chumba kidogo chenye meza ya duara. Mama Mende alikaa upande mmoja na hati zake, Nyaya akakaa kuandika kumbukumbu, na Kitinda akawekwa kiti cha ukutani, msindikizaji, asiyeruhusiwa kusema. Baba alivua kofia. Akaomba gazeti, akalizungusha likawa bomba, na kwa kidole akaonyesha udongo unavyopanda huku na hewa inavyoshuka kule, na ilikuwa kama mtu amefuta vumbi kwenye kioo. Hakusahau neno hata moja. Alimtania Nyaya kwamba mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Nyaya alicheka, kisha akainama upesi kwenye karatasi yake.

Mama Mende akamwonyesha mkuki wa mchwa. Baba akautazama, akasema huyu ana nusu tu, nusu haijazi kibaba. Ndipo Mama Mende, kwa mkono usiotaka, akamsogezea mchoro wa hataza ya zamani. Ukurasa wa mbele wenye jina alikuwa ameukunja nyuma.

Baba akaweka kidole kwenye mfereji, akaufuata taratibu kutoka chini hadi juu, kama mtu anayepapasa uso wa mwenzake gizani.

"Huyu ameshabanwa na udongo wa mfinyanzi," akasema. "Mkunjo huu huwezi kuuchora ukiwa umekaa kwenye kiti. Huyu ameacha chuma chake chini akaenda nyumbani akashindwa kula." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Amenitangulia. Yuko hai?"

Kalamu ya Nyaya ikasimama. Mama Mende alimtazama Kitinda.

"Yuko hai, Baba," Kitinda akasema kutoka ukutani.

"Kijana?"

"Mzee."

"Anajua kwamba nilitaka kuchukua chake?"

"Hajui."

Baba akaukunja mchoro vizuri, akamrudishia Mama Mende kwa mikono miwili. "Basi msimwambie. Mtu akishafika umri huo, si vizuri asikie kwamba kuna watu wanamchukulia vitu vyake."

Akavaa kofia yake, akawashukuru, akatangulia mlangoni.

Kitinda alijituliza kwa jambo moja njia nzima: atasahau. Jioni atakuwa amesahau, na juma lijalo ataomba penseli. Alisahau barua, alisahau koti, alisahau chumba na watu waliokuwamo. Lakini katika kichwa kile kilichovuja kila kitu, jambo moja lilinasa. Kuna mzee mahali fulani, keekee ni yake. Alilikumbuka kesho yake na keshokutwa. Mama alichonga penseli akaiweka mezani juu ya kalenda iliyogeuzwa, na Baba akaisogeza kando kwa ncha ya kidole.

"Ya watu hiyo," akasema.

Sasa alikaa tu. Alikaa kwenye kiti chake tangu chai ya asubuhi mpaka taa ziwashwe, mikono magotini, kama abiria aliyeambiwa gari lake limeondoka na hajaamua atalala wapi. Aliacha kumtania Mama. Akaacha kumaliza chakula. Mama hakumlaumu Kitinda kwa neno lolote, na afadhali angemlaumu. Alipita tu mezani kila siku, akaifuta penseli vumbi, akairudisha.

Mwisho Kitinda akaitoa fremu nyuma ya kabati. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka kioo kwenye mapaja ya Baba, akamwonyesha jina. "Ni wewe, Baba. Yule mzee ni wewe. Hakuna mwingine aliyekutangulia."

Safari hii hakuogopa wala hakulia. Alisoma jina lake hadi mwisho, akatabasamu kidogo, akampapasa binti yake kichwani.

"Tumefanana majina," akasema. "Usinibembeleze, mwanangu. Nimeshakubali."

Mvua ziliisha, doa la dari likakauka na kubaki na mipaka yake ya kahawia. Maombi ya keekee yaliendelea kuja mezani kwa Kitinda, naye aliendelea kutafuta waliotangulia na kuwapata, ila sasa kila akiandika hapana alikaa kwanza, ameishika kalamu, mpaka Nyaya anamwuliza kama wino umeganda. Faili la Baba lilifungwa. Mama Mende aliacha kufukua nje ya rafu zake kwa muda, kisha akaanza tena, kwa kuwa hakujua kazi nyingine.

Nyumbani neno lilikuwa moja. Kitinda akitaka kutoka asubuhi, Baba alimwinulia mkono kutoka kitini. "Ukimwona yule mzee, mpe salamu zangu."

"Zitafika."

Na jioni, akivua viatu mlangoni, aliulizwa kama zimefika.

"Zimefika, Baba. Anakusalimia sana."

"Anaendeleaje?"

Siku zote alijibu kwamba hajambo. Siku moja alikuwa amechoka, akajibu, "Anasahau sahau siku hizi."

"Maskini," Baba akasema. "Ana mtu wa kumwangalia?"

"Ana mke wake. Na binti."

"Na huyo binti anamwambia ukweli?"

Kitinda alikuwa bado ameshika kiatu kimoja. "Alijaribu," akasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za ugenini, kisha akaomba apunguziwe redio.